Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Tawi: Malipo ya Likizo na ya Ugonjwa

Ndugu wanachama, mshikamano daima.

Malalamiko mengi yaliyofika kwenye tawi letu la chama cha wafanyakazi mwaka huu yalihusu siku: za likizo zilizopotea na za ugonjwa zilizokatwa mshahara. Sisi wa hoteli za Arusha tunajua yanakoanzia. Masika yakishika wageni hupungua, na meneja hubandika tangazo la kuwapeleka watu likizo.

Niseme wazi, maana wengi walikasirika: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mwajiri kupanga likizo ichukuliwe lini. Haimruhusu kuwarudisha watu nyumbani mikono mitupu. Likizo ya mwaka ni siku 28, sikukuu zikiwa humo humo, na mshahara wake hulipwa kabla hujaondoka. Ile "likizo bila malipo" ya Aprili, iliyokuja kupunguzwa kwenye siku 28 za watu, tuliipinga hadi ikalipwa. Vibarua wa msimu nao wasikubali kuambiwa hawahusiki. Ukirudi kwa mwajiri yule yule ndani ya mwaka na jumla ikavuka miezi sita, likizo ya malipo ni haki yako.

La ugonjwa liliniuma zaidi. Mwenzetu wa jikoni alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Ndugu yake akapeleka karatasi ya ED, yaani cheti cha daktari cha kumpumzisha kazi, kwa msimamizi wa zamu, ikalala kwenye droo, ofisi ya utumishi haikufika. Mwisho wa mwezi siku kadhaa zikaandikwa utoro, zilizobaki zikakatwa kwenye likizo yake ya mwaka. Sheria inatoa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Tena likizo ya mwaka haiwekwi mahali pa likizo ya ugonjwa, hata ukikubali mwenyewe. Kilichomwokoa ni picha ya ile ED kwenye simu ya ndugu yake, muhuri na tarehe vikisomeka. Bila cheti cha daktari mwajiri halazimiki kulipa.

Shauri moja limekwama. Mwanachama aliahidiwa "mwezi ujao" mara nyingi mno, na alipokuja kwetu siku 60 za kufungua mgogoro wa malipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zilikuwa zimepita. Tunamsaidia kuomba aongezewe muda. Ahadi ya meneja haisimamishi siku hizo, na kwa walioachishwa kazi ni 30 tu.

Hesabu za ada atazisoma mhazini.

Mkataba wetu wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu masharti ya kazi, unajadiliwa upya mwakani. Kamati inapendekeza kila ED ipokelewe kwa kusainiwa nakala, na salio la likizo lionekane kwenye hati ya mshahara kila mwezi. Naomba mjadili leo na mchague wajumbe wa kwenda mezani, mmoja wao atoke jikoni au dobi.