Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2025: Kuhusu Magari Tuliyoyaacha Nje ya Taveta

Wazee wetu, Katibu, Mwekahazina, wanakamati na wanachama wote, salamu.

Hii ni taarifa yangu ya nne tangu mlipoukabidhi mkono huu uongozi wa chama chetu cha wenye magari ya kijeshi ya zamani. Naisoma leo, tarehe 31 Januari 2026, mbele ya watu 19 kati ya 61 walio kwenye daftari. Akidi yetu ni 21. Katiba inaruhusu mkutano kuendelea baada ya kusubiri nusu saa. Sisi tumesubiri saa moja na robo, na chai imepoa. Nawashukuru ninyi mliofika. Kwa wasiofika nitakuwa na maneno baadaye.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Machi tulikuwa na siku ya mafundi, tukafungua giaboksi mbili na kufunga moja. Juni tulitoka na magari kwa wanafunzi kama kila mwaka. Tarehe 14 Oktoba, Siku ya Majeshi ya Ulinzi, na tarehe 20, Siku ya Mashujaa, tulipeleka magari manne na matatu. Suala la sare lilizuka tena, nami narudia: raia hana ruhusa ya kuvaa sare za jeshi, hata kama ameurithi mkoba na kofia kutoka kwa babu. Atakayekuja amevaa atarudishwa nyumbani. Kamati ilikutana mara tano badala ya mara nane.

Agosti tulimpoteza mlezi wetu. Wengi mlimjua kama Mzee wa Bedford, kwa kuwa kila alipokuja alipitiliza magari yote akaenda kuishika bawaba ya mlango wa lori lile. Alikuwa dereva katika kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Afrika Mashariki, akafika Burma mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11, ile iliyoshuka bonde la Kabaw wakati wa masika yao. Huko ndiko alikojifunza gari, na aliporudi alilisha watoto tisa kwa usukani. Familia yake iliomba lori limbebe hadi kaburini. Mwenye Bedford hakusita hata kidogo, na namshukuru hapa hadharani: aliweka tairi mbili za kuazima, akaliendesha usiku kucha hadi Mwatate. Ila wanachama waliofika mazishini walikuwa wanne, mimi nikiwa mmojawapo. Wajukuu waliniuliza wenzangu wako wapi. Nilisema wako njiani.

Sasa nije kwenye jambo la magari tuliyoyaacha nje ya Taveta tukatembea kwa miguu, ambalo limeandikwa sana katika kundi letu la WhatsApp tangu Novemba, mengine kwa lugha ambayo sikuitarajia kwa watu wazima. Nimetuhumiwa kwamba nilikiaibisha chama, kwamba niliamua peke yangu, na kwamba nimesahau sisi ni chama cha magari. Nitajibu yote, na naomba yaingizwe kwenye kumbukumbu kama nitakavyoyasema.

Mnakumbuka tulikubaliana kwamba Jumapili ya Ukumbusho, tarehe 9 Novemba, hatutakwenda kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road kama ilivyo desturi, bali yale ya Taveta, mpakani na Tanzania. Hilo lilipita kwa kura, halina ugomvi. Ngong Road kuna zaidi ya makaburi 1,900 ya Vita ya Pili, yametunzwa, na wageni rasmi hawakosekani. Taveta ni habari ya vita ya kwanza. Kule ndiko jeshi la Wajerumani lilikoingia Agosti 1914, na kule ndiko Waafrika Kusini waliposhambulia kilima cha Salaita tarehe 12 Februari 1916 wakarudishwa nyuma. Reli ya kutoka Voi ilijengwa kwa ajili ya vita hiyo. Magari 11 yalitoka Nairobi siku ya Ijumaa, yakafika 9. Moja lilichemsha radieta kabla ya Emali, jingine liliharibika klachi karibu na Mtito Andei, na gharama ya kulivuta, shilingi 27,400, niliilipa kutoka mfukoni mwangu. Sijaidai, wala sitaidai.

Jumamosi usiku kule Voi ndipo niliposema kwamba kesho magari yote yatasimama kilomita nne kabla ya makaburi, na sisi tutatembea, kila mmoja na furushi la unga la kilo 10. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Kwanza, si kweli kwamba niliamua usiku ule. Niliandika kwenye kundi tarehe 31 Oktoba, siku tisa kabla ya Jumapili ile. Watu wanne walijibu: wawili walikubali, mmoja aliweka picha ya dole gumba, na wa nne aliuliza bei ya plagi. Ningeitisha kamati, lakini kikao cha Oktoba kilivunjika kwa kukosa watu, na waliovunja kikao hicho kwa kutokuja ndio leo wanaosema sikuitisha kikao.

Pili, kwa nini kutembea. Wenzangu, sisi tunajua kila bolti ya jipu la Willys la 1943 na tunajua kwa nini baadhi ya Land Rover za jeshi zina umeme wa volti 24. Lakini ukiniuliza ni chombo gani kilichobeba vita ya 1914 hadi 1918 katika nchi zetu, jibu si gari. Magari yalikuwepo, hata ya deraya ya Rolls-Royce yalipita nyika ile ya Maktau. Mvua iliponyesha yalizama. Ng'ombe, farasi na punda walikufa kwa mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Wapagazi walibeba unga, risasi, na mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, kila mmoja mzigo wa karibu kilo 25, kutoka huku hadi Rufiji na zaidi. Waliokufa kwa maumivu ya tumbo, kwa homa na kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, jina ambalo midomo yetu ililigeuza Kariokor hapa Nairobi, na Kariakoo kule Dar es Salaam. Tunanunua viondo na nyama choma Kariokor kila wiki, na sijui ni wangapi kati yetu huwataja watu wale.

Kwenye sanamu ya Kenyatta Avenue, iliyozinduliwa mwaka 1928, mpagazi amesimama pamoja na askari, na maandishi ya Kiswahili pale chini yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Yanaahidi pia kwamba anayekufa kwa ajili ya nchi yake jina lake litakumbukwa na wanawe. Ahadi hiyo haikutimizwa. Majina ya wengi wao hayakuchongwa popote. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri katika ripoti ya Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Mimi nilikisoma kiasi hicho mara mbili, nikafunga kompyuta, nikaenda kukaa nje.

Tatu, na hili sikulisema Voi kwa kuwa koo lilinikaba. Mlezi wetu, Aprili, nilipompelekea dawa, aliniambia kwamba baba yake mkubwa alichukuliwa upagazi akiwa kijana na hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna karatasi. Alisema: "Mimi nilipewa lori, yeye alipewa kata ya majani aweke kichwani. Mnanipigia honi mimi kila mwaka. Yeye nani atampigia?" Halafu akanieleza jinsi Burma nako, tope lilipomeza magari, mizigo ilirudi mabegani. Nilimwahidi. Sikumwambia nitafanya nini, lakini nilimwahidi. Alifariki kabla ya Novemba, na ahadi ya marehemu siwezi kuipigia kura.

Najua yupo mwanachama aliyeshughulikia Willys yake miezi 14, akatafuta kabureta hadi akaipata, akaipaka rangi kwa mkono wake, na alitaka iingie pale makaburini saa tano kamili watu wakiiona. Ndugu yangu, nakuheshimu, na kama ningekuwa wewe ningeumia vilevile. Lakini gari lako halikufichwa. Lilisimama kandokando ya barabara kuu, na baada ya ibada yote tisa yaliingizwa mjini, watoto wa Taveta wakapanda hadi jioni. Kilichokosekana ni dakika arobaini za asubuhi.

Kuhusu afya za wazee: wasioweza kutembea walipanda Land Rover moja niliyoiachia ruhusa. Maneno kwamba mzee mmoja alilazimishwa ni uongo. Alikataa kupanda, akabeba furushi lake hadi mwisho, na ana miaka 74.

Tulianza saa mbili na nusu. Kilomita ya kwanza watu walikuwa wanalalamika. Ya pili walinyamaza. Barabara ile ina jua, na kilo 10 si nyingi hadi ukizibadilisha bega mara ya sita. Mama mmoja anayeuza ndizi alituuliza tunahama kwenda wapi. Katibu alimweleza. Yule mama aliweka beseni chini, akasema kwao pia kuna aliyekwenda, akatembea nasi hadi geti. Tulifika saa nne na dakika ishirini. Saa tano tarumbeta ilipigwa, tukanyamaza dakika mbili, na safari hii hakuna injini iliyokuwa inanguruma nyuma yetu wala mtu anayezunguka gari lake na kitambaa. Mimi nimehudhuria siku hii mara nyingi. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Unga tuliugawa kwa familia za wajane wa askari wastaafu, ikiwemo ya mlezi wetu.

Kwa hiyo kwa wanaotaka niombe radhi: naomba radhi kwa kutowapigia simu mmoja mmoja. Kwa uamuzi wenyewe, hapana. Kama mkutano huu unaona nilikosea, kiti hiki si cha baba yangu, mnaweza kukichukua leo. Lakini atakayekichukua aje na ada yake ikiwa imelipwa.

Na hapo ndipo niseme juu ya fedha. Ada ni shilingi 6,000 kwa mwaka, tulitarajia 366,000. Waliolipa zote ni 22, waliolipa nusu ni 9, jumla 159,000. Wanachama 30 hawajatoa hata shilingi moja, na kati yao wamo watatu wenye magari mawili mawili. Deni la ada ni 207,000. Tulianza mwaka na 12,300. Tumetumia 84,500 kwa mafuta ya Taveta, 31,000 kwa shada, unga na chakula, 18,000 kwa bima ya siku zile, na 20,000 kwa rambirambi. Zimebaki 17,800. Mwekahazina ana stakabadhi zote na atazionyesha kwa yeyote. Ninachoomba ni kwamba asiyelipa asihoji stakabadhi kwa sauti kubwa kuliko aliyelipa. Nimetuma ujumbe wa kukumbusha mara sita, na nimewapigia watu 17. Wawili wamenizuia kwenye simu zao. Nawajua.

Kamati inapendekeza, nami naunga mkono, kwamba mwenye deni la miaka miwili asitumie nembo yetu kwenye gari lake. Mtalijadili.

Kuhusu mwaka huu, tarehe 12 Februari itatimia miaka 110 ya Salaita, na ningependa tuwepo, japo magari mawili tu, mafuta yakipatikana. Pia nimewaza juu ya Novemba. Vita huku kwetu haikuisha tarehe 11. Jenerali wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, na mapema mwezi huo wapagazi walikuwa bado na mizigo vichwani. Labda siku moja tukutane tarehe 25, hata kama ni hapa Kariokor. Tunatumaini pia kuandika majina ya wapagazi ambayo familia bado zinayakumbuka kabla wazee hawajaisha. Daftari nimeshanunua. Lina jina moja, la baba mkubwa wa mlezi wetu, nililolipata kwa wajukuu siku ya mazishi. Nitaliacha mezani wakati wa chakula. Mwenye jina aliandike, na kama halijui aende akawaulize kwao kabla ya Pasaka.

Naomba taarifa hii ipokelewe.

Mwenyekiti