Vigeuzi vya sauti: tulinganishe kwa kiwango kilicho sawa

Ndugu Mhariri,

Makala iliyotoka wiki iliyopita katika ukurasa wako wa teknolojia, iliyowashauri wapenzi wa muziki wa nyumbani waanze kuboresha mitambo yao kwa kununua kigeuzi cha nje na kuwaahidi kwamba wataona kama pazia limeinuliwa mbele ya muziki, imenivutia wateja kadhaa karakanani wakiwa na swali lile lile: je, ni kweli vigeuzi hivi hutofautiana kwa sauti, na je, tofauti hiyo inastahili maelfu ya shilingi? Naomba nafasi nijibu. Mwandishi alieleza vizuri jinsi kifaa kinavyofanya kazi, lakini aliruka jambo moja ambalo likikosekana ulinganisho wote huwa kazi bure, nalo ni usawa wa kiwango cha sauti.

Kwanza nimsaidie msomaji ambaye hajawahi kukutana na kifaa hiki kwa jina. Kila aliyenunua king'amuzi wakati televisheni zetu zilipohamia mfumo wa dijitali mwaka 2015 alinunua pia kigeuzi, maana kimo ndani yake, kama kilivyomo ndani ya simu, kompyuta na mashine ya CD. Kazi yake ni kupokea nambari na kuzitoa zikiwa umeme unaopanda na kushuka kwa kufuata umbo la wimbi la sauti, kisha amplifaya huutia nguvu umeme huo na spika kuugeuza kuwa mtikisiko wa hewa. Katika CD, iliyobuniwa na Philips na Sony na kuingia sokoni mwaka 1982, nambari hizo ni 44,100 kwa sekunde kwa kila upande wa stereo, na kila nambari ina biti 16, yaani tarakimu 16 za sifuri na moja. Kiasi hicho kinatosha kubeba masafa yote (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) hadi kilohezi 20, yaani hezi 20,000, ambayo ni kikomo cha sikio la kijana mzima wa afya, pamoja na tofauti ya takriban desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha tofauti za nguvu ya sauti) kati ya sauti ya juu kabisa na mvumo wa chini kabisa. Sisi tuliokwisha kuvuka miaka hamsini tunazungumzia masafa hayo ya juu kwa kumbukumbu tu.

Wapo wanaoamini kwamba nambari hizo huacha mapengo katikati, na kwamba sauti ya dijitali hupanda kwa ngazi ngazi. Sivyo. Karibu kila kigeuzi kina chujio linaloondoa masafa yasiyohitajika, na kinachotoka upande wa pili ni wimbi laini lisilo na ngazi. Mhandisi Mmarekani Claude Shannon alikwisha kuthibitisha kihesabu, katika andiko lake la mwaka 1949, kwamba wimbi ambalo masafa yake yako chini ya nusu ya kasi ya sampuli (idadi ya nambari zinazochukuliwa kwa sekunde) laweza kurudishwa kamili.

Hata hivyo, sifa ya vigeuzi kutofautiana haikuzuka hewani. Mashine za kwanza za Philips zilitumia vigeuzi vya biti 14 vilivyosaidiwa na mbinu ya kuzidisha sampuli mara nne (kukokotoa nambari za ziada katikati ya zile za awali), ilhali Sony CDP-101 ya mwaka 1982 ilikuwa na kigeuzi kimoja cha biti 16 kilichopokezana kati ya upande wa kushoto na wa kulia, kisha kikafuatwa na machujio makali ya analogi. Mafundi wa wakati huo walikuwa na haki ya kubishana. Leo chipu za makampuni kama ESS, AKM, Cirrus Logic na Texas Instruments, zikiwekwa katika saketi iliyotengenezwa kwa uangalifu, hupotosha sauti kwa chini ya asilimia 0.001, yaani upotoshaji uliozama desibeli 100 chini ya muziki wenyewe. Spika nyingi nzuri, zikipiga besi kwa nguvu, hupotosha kwa asilimia moja au zaidi, yaani desibeli 40 tu chini ya muziki. Kiwanda cha AKM kilichoko Nobeoka, Japani, kilipoungua Oktoba 2020, watengenezaji kadhaa wa vyombo vya sauti walilazimika kuchora upya saketi zao ili zipokee chipu za kampuni nyingine, na biashara ikaendelea. Mnunuzi anayetaja jina la chipu peke yake bado hajauliza mengi kuhusu chombo anachokinunua.

Sasa nirudi kwenye jambo lililorukwa. Hivi karibuni niliitwa na mteja mmoja wa South B, hapa Nairobi, ambaye alikuwa na vigeuzi viwili, kimoja cha bei nafuu alichokinunua Luthuli Avenue na kingine kilichomgharimu zaidi ya mara kumi, na alikuwa na hakika kwamba hicho cha pili kilikuwa na besi iliyojaa na sauti za waimbaji zilizosogea mbele. Nilisikiliza pamoja naye rumba ya Kikongo, nami nikakubali bila kusita kwamba tofauti ilikuwapo. Kisha nikatoa mita, nikacheza mlio mmoja usiobadilika wa hezi 100 (mita nyingi za bei ya chini hudanganya masafa yakipanda sana, kwa hiyo sipendi kutumia mlio wa hezi 1,000), nikapima volti kwenye waya zinazotoka katika kila kigeuzi. Kimoja kilitoa volti 2.0, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha vyombo vya nyumbani, na kile cha bei ghali kikatoa volti 2.4. Tofauti hiyo ni takriban desibeli 1.6.

Desibeli 1.6 ni kidogo, na hapo ndipo penye mtego. Ingekuwa desibeli sita, kila mtu chumbani angesema mara moja kwamba hiki kina sauti kubwa zaidi. Tofauti ndogo kama hii sikio haliitambui kama ukubwa wa sauti; huipokea kama uzuri. Tena, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara ya Bell Labs ya Marekani walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu husikia besi kwa udhaifu zaidi sauti ikiwa ndogo, hivyo ukiongeza sauti kidogo tu besi huonekana kujaa zaidi ya vingine vyote. Kulinganisha vigeuzi bila kusawazisha volti ni sawa na kulinganisha uzito wa mananasi ya vibanda viwili ilhali mizani ya kibanda kimoja imeelemea upande.

Tulipunguza kile chenye volti 2.4 hadi mita iliposoma sawa kwa vyote viwili ndani ya asilimia moja, ambayo ni kama desibeli 0.1. Kijana wake akakaa nyuma ya kabati akibadilisha swichi kwa kurusha sarafu, bila kusema neno, na baba mtu akawa anataja anachodhani kinacheza. Alikosea karibu kila mara ya pili. Hakufurahi, na mimi sikuwa na raha ya kumfurahisha, lakini vigeuzi vyote viwili vilikuwa vizima na kila kimoja kilifanya kazi yake.

Anayetaka kujaribu nyumbani ajue kwamba kupatia mara sita kati ya kumi hakuthibitishi kitu, kwani hata anayekisia hufikia hapo kwa urahisi. Kupatia tisa au zaidi kati ya kumi kwa bahati tu hutokea kama mara moja katika kila majaribio mia. Huyo ndiye wa kusikilizwa. Na anayebadilisha swichi asionekane, wala asijue jibu lipi msikilizaji analitamani.

Majaribio makubwa zaidi yamefanywa na watu wenye vifaa bora kuliko vyangu. Mwaka 2007 jarida la chama cha wahandisi wa sauti cha Audio Engineering Society lilichapisha utafiti wa Brad Meyer na David Moran, ambao walichukua rekodi za ubora wa juu kuliko CD, wakazipitisha katika mzunguko wa ziada uliozigeuza kuwa dijitali ya kiwango cha CD na kuzirudisha tena kuwa analogi. Katika majaribio 554, wasikilizaji walipatia mara 276, yaani kama waliokuwa wakirusha shilingi. Mwandishi wako angeweza kunijibu kwa uchambuzi wa Joshua Reiss wa mwaka 2016, katika jarida hilo hilo, uliokusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500, na kukuta wasikilizaji wakipatia asilimia 52.3, huku waliopewa mafunzo wakikaribia asilimia 60. Naupokea uchambuzi huo kwa heshima. Unaonyesha kwamba kuna kitu kidogo kinachosikika katika rekodi za ubora wa juu, kwa watu waliofunzwa, katika mazingira yaliyodhibitiwa. Hauonyeshi kwamba anayekaa sebuleni Umoja au Lang'ata ataona pazia likiinuliwa, kama makala ile ilivyoahidi.

Haki inanitaka niseme pia kwamba vipo vigeuzi vinavyosikika tofauti kweli. Vipo vilivyotengenezwa makusudi bila kuzidisha sampuli, na hivyo, vikicheza CD, hupunguza masafa ya kilohezi 20 kwa desibeli tatu hivi. Kijana mwenye sikio kali aweza kuona sauti imepoa kidogo juu. Vipo vyenye vali (mirija ya kioo ya kukuza umeme) katika hatua ya mwisho, na hizo huongeza upotoshaji ambao wengine huupenda, nami sina ugomvi nao maadamu wanajua wanachokinunua. Vipo vibovu tu, vyenye adapta hafifu isiyohimili umeme unaopanda na kushuka katika mitaa yetu. Vipo vinavyotoa volti nyingi kupita uwezo wa amplifaya ya zamani, ikaanza kukwaruza. Na lipo tatizo la mvumo wa hezi 50 unaoingia pale kompyuta inapounganishwa na amplifaya huku kila moja imechomekwa kwenye soketi yake ya ukutani. Mteja akibadilisha kigeuzi mvumo ukatoweka, humsifu mtengenezaji, ilhali kilichobadilika ni njia ya waya wa ardhini. Mengi ya haya hayahitaji sikio la dhahabu, kwani mita na nusu saa ya subira huyafichua.

Ningependa pia makala ingetaja chumba, maana fedha za watu wengi hupotelea hapo. Flati zetu nyingi zina kuta za mawe, sakafu ya vigae na dirisha pana la kioo, na sauti hugonga pande zote hizo ikarudi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo chumba chenye urefu wa mita nne huvuma chenyewe kwenye masafa ya karibu hezi 43, na noti ya besi iliyo hapo yaweza kupanda au kupotea kwa desibeli kumi au zaidi kutegemea kochi limewekwa wapi. Zulia zito, pazia la kitambaa kizito na kusogeza spika kutoka kwenye pembe ya ukuta huleta mabadiliko ambayo hata jirani wa ghorofa ya chini huyaona.

Tena tukumbuke tunachokisikiliza. Zilipendwa zetu zilirekodiwa kwa tepu na kuuzwa kwa santuri, ambayo hata ikiwa safi mvumo wake hukaa kama desibeli 60 au 70 hivi chini ya muziki. Kigeuzi chenye mvumo uliozama desibeli 120 kikicheza rekodi ya namna hiyo kitakuletea, kwa uaminifu mkubwa, mkwaruzo wa sindano.

Ombi langu kwa wenye maduka ya mjini ni dogo. Wanapomwonyesha mteja vigeuzi viwili, wawe na swichi moja na mita moja mezani, wasawazishe volti mbele yake, kisha wamwachie asikilize bila kuona kipi kinacheza. Kwa mwandishi wa ukurasa wako, naomba kwamba atakapolinganisha tena vyombo hivi, atuandikie volti zilizotoka katika kila kimoja na jinsi alivyozisawazisha, pale pale kando ya bei.

Wako mwaminifu,
Fundi wa mitambo ya sauti,
Nairobi