Jumanne nitalala wapi

Cardiff, Jumapili jioni

Mamangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi huku sijambo, ila mafua tu, na hayo tushazoeana. Natumai barua hii itakukuta buheri wa afya, wewe na wote hapo Timbwani, na kwamba ule mguu umeanza kupungua uvimbe.

Najua atakayekusomea ni Swaleh, maana miwani mpya bado inakupa kizunguzungu. Swaleh, soma polepole, usimeze maneno kama unavyomeza mahamri. Na penye mabano usisome kwa sauti. Hapo ni pangu na pako.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya yale maneno ya juzi kwenye simu. Uliniuliza, "Jumanne utalala wapi?" Nikakujibu, "Hotelini." Ukanyamaza. Mama, nakujua. Ukigomba, mambo ni mepesi. Ukinyamaza ndipo pana neno. Kisha ukasema, "Haya, wewe ndiye mwenye safari," simu ukampa mjukuu wako. Tangu siku hiyo sina raha. Kwa hiyo nakueleza hesabu nilivyoipiga, kisha uniambie wapi nimekosea.

Ndege inaondoka Heathrow Jumatano saa kumi na mbili na dakika 40 asubuhi, inapitia Istanbul, na toka huko inakuja moja kwa moja hapo Mombasa. Ndiyo tikiti niliyoimudu. Zile za jioni, ambazo mtu hunywa chai kwake akatoka taratibu, bei zake zilikuwa za watu wengine. Sasa, kaunta ya mizigo hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka, lakini wenyewe hutaka uwe umefika saa tatu kabla. Yaani saa tisa na dakika 40 usiku, wakati ambao hapo kwetu hata muadhini hajageuka ubavu. Na kutoka Cardiff mpaka Heathrow ni saa tatu kwa basi, mbali kuliko Mombasa na Voi. Kwa hiyo kulala kitandani kwangu Jumanne, hilo halipo.

Lipo basi la usiku. Hilo nililifikiria sana, maana ndilo rahisi na linakuteremsha pale pale stesheni ya kati ya uwanja, ukatembea chini kwa chini mpaka terminali 2. La saa tano usiku hufika saa nane, ukakaa kitako ukingoja kuche. La saa nane hufika saa kumi na moja, ukakimbia na mabegi roho mkononi. Na njia yenyewe ina mambo yake. Mwaka juzi nilipokwenda kumpokea mwenzangu wa kazini, tulikuta barabara kuu ya M4 imefungwa usiku kwa matengenezo. Tukazungushwa vijijini, vijia vyembamba mfano wa vile vya kwenda shamba, dereva naye akiendesha kama aliyebeba mayai. Tulichelewa karibu saa mbili. Yule mwenzangu alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, kakasirika, lakini alikuwepo. Ndege haikai juu ya sanduku kukungoja.

(Hapa nichepuke kidogo, maana utalipenda hili. Swaleh, hii msomee. Basi hilo huvuka daraja la Severn, mkono wa bahari mpana unaotenga Wales na Uingereza yenyewe. Maji ya pale hupanda na kushuka mpaka mita 14 siku za bamvua. Yetu ya Kilindini hata 5 hayafiki. Maji yakipwa unaona tope tupu, kama bahari imehama na vyombo vyake. Nami kila nikivuka naikumbuka Likoni na feri yetu: wao wana daraja mbili juu ya maji kama yale, na ushuru wake wa kuvukia waliufuta mwaka 2018.)

Vipo pia viti vya uwanja wa ndege. Nilivilalia safari yangu ya kwanza, sikukwambia. Viti vyenyewe vimetiwa vyuma vya kuwekea mikono ili mtu asijinyooshe, na kila saa anakuja mtu na mashine ya kusugua sakafu, unahamishwa kona hii, unahamishwa kona ile. Usiku Heathrow kumepoa. Kwa ajili ya kelele, ndege huzuiwa zisiwe nyingi tangu saa tano u nusu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na maduka nayo hufunga. Nilikesha na begi nimelifunga mguuni kwa mshipi. Mimi sasa nina miaka 38, mgongo wangu umeshasema hapana.

Sasa kwa Omari. Najua ndipo ulipo moyo wako. "Ndugu yako yuko London, wewe waenda kulipa kitanda?" Hukusema, lakini nilikusikia. Mama, Omari anakaa Barking, mashariki ya mji. Heathrow iko magharibi. London nzima iko katikati. Ni kama mtu alale Mtwapa kwa kuwa alfajiri ana safari ya Diani. Mchana si tabu, kuna treni ya Elizabeth iliyofunguliwa 2022, wabadilisha Whitechapel na kufumba na kufumbua umefika. Lakini usiku wa manane haitembei. Ile ya chini kwa chini, ya Piccadilly, hukesha Ijumaa na Jumamosi tu, na mimi naondoka Jumatano. Kungebaki mabasi ya usiku, nibadilishe mawili au matatu na mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, au teksi ambayo ingekula bei ya chumba na chenji isirudi. Na Omari, unamjua, angekataa teksi. Angeazima gari anipeleke mwenyewe saa nane usiku, kisha saa kumi na mbili aingie kazini macho mekundu.

(Swaleh, hapa kweli usisome. Omari siku hizi amepanga chumba kimoja na wenzake wawili. Khalati hajui, anadhani bado yuko kwenye ile nyumba ya picha. Ningekwenda, angenipa godoro lake akalala chini, na mimi ningelazimika kujifanya sioni. Bibi yako akikuuliza kwa nini umenyamaza katikati, mwambie mwandiko mbaya.)

Basi nimepanga hivi. Jumanne nitapanda basi la saa tisa mchana. Barabara ikifungwa na ifungwe, nina usiku kucha wa akiba. Kaskazini ya uwanja kuna barabara iitwayo Bath Road, hoteli zimepangana kama maduka ya Biashara Street. Nimechukua ya hali ya chini, paundi 68, kitanda na bafu, na basi jekundu la mji linapita hapo usiku wote kwenda stesheni ya kati. Omari akitoka kazini atanifuata huko huko, tule pamoja, anipe mzigo wa Khalati. Amekubali. Alinung'unika kidogo kwa ajili ya heshima, kisha akauliza kama hotelini pana pasi, anyooshe shati, kwa hiyo nadhani amekubali kweli.

Mzigo mwenyewe umeshafungwa. Kipimo cha sukari chako kimo, na betri zake. Kila kitu nimekifunga kwa kanga na mifuko ya kitambaa, maana tangu 2017 mifuko ya plastiki ni marufuku Kenya, nami sitaki kufunguliwa mabegi saa tisa usiku kwa ajili ya mfuko.

Hiyo ndiyo hesabu ya huku. Lakini nimeipiga na kuipigua siku tatu, nikaona sidhani kama ulinyamaza kwa ajili ya Omari.

Nadhani ulinyamaza kwa ajili ya Port Reitz.

Miaka minne iliyopita, siku yangu ya mwisho. Ndege ilikuwa ya alfajiri. Adhuhuri nikatoka kwenda kununua muda wa simu, nikaona foleni ya magari ya kuvuka imepita stendi ya matatu, watu wameshuka wanatembea, wauza maji wanafanya biashara. Hofu ikaniingia. Nikawaza: nikilala ng'ambo hii ya Likoni, alfajiri nikikwama feri, kisha malori ya makontena pale Changamwe, ndege yangu iko wapi? Nikarudi nyumbani nikakwambia nimebadilisha, nalala upande wa pili. Ulikuwa umekaa kibao cha mbuzi, unakuna nazi. Ulisema, "Haya mwanangu, wewe ndiye mwenye safari." Maneno yale yale ya juzi. Mimi sikuyatambua mpaka nilipoweka simu.

Nikavuka na wanaotembea kwa miguu, begi kichwani mwa kijana mmoja, nikachukua tuktuk. Gesti ya Port Reitz haikuwa na chandarua. Feni ilikuwa inazunguka kwa kelele bila upepo, na nje kulikuwa na mtu anagombana na mtu kuhusu deni la shilingi mia mbili. Nilikula chipsi. Wali wa nazi na samaki wa kupaka uliyempika ulikuwa Timbwani, na mimi niko Port Reitz nala chipsi, kisiwa kizima katikati yetu. Alfajiri nikafika uwanjani kwa dakika kumi, nikaambiwa ndege imechelewa, itaondoka saa nne asubuhi. Wallahi ningeweza kulala kwako, nikanywa chai, nikagombana na Swaleh, nikavuka, na bado ningefika mapema.

Swaleh ndiye aliyeniambia baadaye kwamba ulitandika mkeka kama kawaida na sahani yangu ukaiweka. Usimkemee, Mama, mtoto hakusengenya, nilimuuliza mimi.

Kwa hiyo nisikilize. Kitanda cha Heathrow nanunua bila haya, maana huku hakuna ninayemwacha mlangoni. Lakini huko sinunui kitanda tena. Ndege ya kurudi inaondoka Mombasa kabla ya alfajiri, kwa hiyo usiku wa mwisho wenyewe ni nusu usiku tu, nao nitaukaa kwako. Nitakula, nitaswali Isha hapo, saa nne tutatoka. Na siku hizi barabara ya Dongo Kundu iko, Ami Bakari na Probox yake atazunguka nayo mpaka Miritini bila hata kuiona feri. Ikitokea nayo imefungwa, nitavuka na watembea kwa miguu kama mara ile. Lakini nitatokea kwako.

Na kuhusu kufika. Nitatua usiku wa kuamkia Alhamisi, kama saa tisa kasoro. Istanbul saa zao ni sawa na zenu, kwa hiyo nikikupigia toka huko usianze kuhesabu vidole. Ami amependekeza nilale kwa shangazi Chaani mpaka kuche, eti usiku si wa kuzungukazunguka. Mwambie nimeshukuru, na shangazi nitakwenda kumwamkia Ijumaa baada ya swala, na zawadi yake iko. Lakini Chaani ni dakika kumi na tano tu kutoka Port Reitz, nami upande ule wa maji nilishalala usiku mmoja, unatosha. Aje Ami peke yake. Asije na gari limejaa watu kama harusi, na wewe usije, mguu haujapona.

Usipike makuu. Kama ni lazima, viazi vya karai, na ile chatne ya ukwaju. Vikipoa si kitu.

Mlango wa uani usiutie komeo. Nitagonga dirisha la Swaleh, yeye ndiye mwenye usingizi mwepesi, au ndivyo anavyodai.

Wasalaam,
mwanao,
Hamisi

(Swaleh, ukimaliza mpe barua aishike mwenyewe. Ukiona hajasema "haya", nipigie.)