Miguu ya Kijivu

Isevya, Tabora
14 Juni

Ndugu yangu Masanja,

Mwangaluka. Shemeji alinifikia juzi kutoka Nzega akanieleza habari za punda wako anayechechemea, na kwamba jirani amekushauri uzikate kwato zake zote siku moja mpaka zilingane. Nakuomba usishike kisu kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Punda wangu Kijivu aliumwa mwezi wa pili. Nilikuwa nampa pumba za mahindi kila jioni, nyingi, nikijua ndiyo namtunza, na kwato zake sikuwa nimezigusa tangu kiangazi kilichopita. Alianza kwa kusita anapogeuka. Baadaye akawa anasimama ameinyoosha miguu ya mbele, uzito ameutupa nyuma, na ukwato ukiugusa ni wa moto. Watu wakasema amekuwa mvivu, achapwe. Punda akiumia hanung'uniki, Masanja, na ukimya wake huo ndio unaomponza. Nami nilimbebesha madumu manne siku mbili zaidi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Bwana mifugo aliweka vidole juu kidogo ya ukwato, upande wa nyuma, akanishikisha na mimi: mshipa ulikuwa unagonga kwa nguvu. Akanieleza kwamba ndani ya ukwato mna mfupa, na unashikwa na ukuta wa ukwato kwa tabaka laini zenye damu nyingi. Nafaka na pumba zikizidi, tabaka zile huvimba, na ukuta ule mgumu hautanuki, kwa hiyo maumivu yanabanwa humo humo. Halafu ncha ikiwa ndefu, kila anapokanyaga inaubandua ukuta kutoka kwenye mfupa.

Pumba tukazikata siku hiyo hiyo, akabaki na nyasi kavu na maji. Alipewa dawa ya maumivu, akalazwa kwenye mchanga laini, na chini ya kwato za mbele tukamfunga vipande vya godoro kwa plasta pana. Mimi nilitaka tukate ncha zote hapo hapo. Bwana mifugo alinikatalia. Ukwato ulioachwa miezi mingi, mifupa na mishipa ya mguu imeshazoea ule upogo. Ukiunyoosha kwa mara moja unamhamishia maumivu mahali pengine, na ukikata mno unafika kwenye nyama.

Kwa hiyo anakuja kila baada ya wiki nne. Anaondoa ncha kidogo kwa koleo, anasawazisha kwa tupa, kisha anabonyeza wayo kwa kidole gumba. Ukianza kubonyea, anaacha hapo hapo, hata kama kwa macho bado unaonekana mrefu. Kwato zikiwa kavu kama mawe tunazilowesha kwanza. Na usitake kwato za punda zifanane na za farasi ulizoziona kwenye picha: za punda kwa asili zimesimama zaidi.

Kila asubuhi mimi nachokonoa uchafu, hasa pembeni mwa ile nyama ya pembetatu iliyo katikati ya wayo. Pakinuka na kutoa weusi, pameanza kuoza. Pasafishe, na zizi likauke.

Mwezi wa pili nilikwaruza alama ndogo kwa tupa chini ya nywele. Ukwato hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, na alama sasa imeshuka upana wa vidole viwili. Ukuta mpya unashuka umenyooka. Jana Kijivu aligeuka kisimani bila kusita, nikasimama pale nikimtazama mpaka vijana wakaniuliza kuna nini. Mzigo bado sijampa.

Punda wako apumzike leo, pumba ziondoe, na bwana mifugo wa kata yako aitwe kabla ya jirani. Nitumie picha ya kila mguu, iliyopigwa kutoka ubavuni, akiwa amesimama mahali tambarare. Bwana mifugo wa huku anakuja Jumamosi, nitamwonyesha.

Msalimie mama watoto.

Wako,
Hamisi