Mwanafunzi wa TEHAMA aione bajeti inapoandaliwa

Ndugu Mhariri,

Mitaala ya TEHAMA inapopitiwa upya vyuoni kwetu, mara nyingi swali la kwanza huwa ni somo gani linafundishwa nje ambalo sisi hatuna. Majina ya kozi hulinganishwa na mwishowe moja au mbili huongezwa. Kwa mtu anayeandaliwa kuja kuongoza kitengo cha TEHAMA, na si kuandika programu tu, naona ulinganisho huo unaacha jambo kubwa zaidi, nalo ni wakati ambao mwanafunzi anapelekwa kazini na yale anayoruhusiwa kuyaona akiwa huko.

Marekani, ambako Chuo Kikuu cha Minnesota kilianzisha shahada ya uzamivu ya mifumo ya taarifa za menejimenti, yaani matumizi ya TEHAMA katika kuendesha taasisi, mwaka 1968, taaluma hii imelelewa zaidi ndani ya shule za biashara. Hata hivyo wao wenyewe hawajatulia: mwongozo wa mitaala uliotolewa mwaka 2010 na vyama vya kitaaluma vya ACM na AIS uliondoa uundaji wa programu kwenye masomo ya lazima, na ule wa 2020 ukaurudisha. Anayenakili orodha ya kozi za huko na ajiulize kwanza ananakili ya mwaka gani.

Kwa Wajerumani, cha kuiga ni ratiba. Chuo cha DHBW cha jimbo la Baden-Württemberg, chenye mizizi katika mpango ulioanzishwa mwaka 1974 pamoja na kampuni kama Bosch na Daimler-Benz, humpokea mwanafunzi ambaye tayari ana mkataba na mwajiri. Kwa miaka mitatu anapishanisha takribani miezi mitatu ya darasani na miezi mitatu ya kazini, huku akilipwa muda wote. Kwa kuwa anarudi mahali pale pale, mradi aliouacha ukiwa kwenye makaratasi anaukuta umeanza kutekelezwa, pengine umechelewa, na anasikia wakubwa wakibishana nani abebe gharama.

Sisi hapa Tanzania tuna mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi huyaita fildi. Kwa kawaida hufanyika katika likizo ndefu, kuanzia Julai au Agosti. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, maana yake kijana anafika ofisini bajeti ikiwa imekwisha kupitishwa na Bunge. Maombi yameshaandikwa, yamekatwa na kutetewa bila yeye kuwapo. Kinachobaki ni kuvuta nyaya na kubadilisha wino wa printa. Miaka kadhaa baadaye mtu huyo huyo, akiwa mkuu wa kitengo, anatakiwa kuieleza menejimenti kwa nini leseni zihuishwe mwaka huu na si mwakani, aandike hadidu za rejea zisizompendelea mzabuni mmoja, tena aizingatie Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Najua nitajibiwa kwamba hatuna kampuni nyingi kama Ujerumani. Ni kweli, lakini serikali ni mnunuzi mkubwa wa mifumo, na ina halmashauri 184 zinazoandaa bajeti kila mwaka. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wangeweza kukaa huko tangu Novemba, maombi yanapoanza kuandikwa, hadi Machi, chini ya afisa TEHAMA, wakiwa wameapa kutunza siri za zabuni. Ripoti yao ingekuwa rasimu ya bajeti ya kitengo pamoja na maelezo ya kila kilichokatwa na sababu yake.

Gharama zipo, hasa posho na nyumba, lakini Bodi ya Mikopo tayari hukopesha fedha za mafunzo kwa vitendo kwa wanufaika wake, hivyo hatuanzi patupu. Kazi ngumu ni kalenda ya masomo, na hapo ndipo ningependa kuisikia Tume ya Vyuo Vikuu: je, chuo kinachotaka kuhamisha fildi kutoka likizo ndefu kwenda msimu wa bajeti kitaruhusiwa?

Msomaji wako,
Afisa TEHAMA mstaafu, Dodoma