Nitumie Picha ya Mamake

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka nyumbani. Hatujambo sote. Mvua imenyesha wiki nzima, njia ya kuingia kwetu imegeuka bwawa, na gugu-maji limerudi kwa fujo. Juzi pale Dunga nimewaona wavuvi wakisukuma mashua kwa miti mirefu kama watu wanaolima. Mama yako ameniagiza nikuandikie kwa niaba ya nyumba nzima, yaani kwa niaba yake, kwamba jibu la ombi lako la kufuga nyoka aina ya boa huko Marekani ni hapana. Nimemwambia nitaandika. Sikumwambia nitaandika nini.

Ile video niliitazama mara nne. Nakiri, ni mzuri huyo nyoka. Mabaka ya hudhurungi mgongoni yamejipanga kama matandiko ya farasi, na yakifika mkiani yanaiva rangi ya tofali. Amejisokota kwenye kidole chako kama pete, nawe unacheka, na chini umeandika: "Baba, ni mdogo na mpole sana." Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoninyima usingizi. Nilifagia vizimba vya nyoka miaka kumi na tisa, karo yako ya sekondari ilitoka huko, na sijawahi kumwangalia mtoto wa nyoka nikajua atakuwa mdogo au atakuwa mpole.

Nianze na udogo. Boa huzaa watoto hai, hatagi mayai kama chatu wetu wa huku, na mtoto siku ya kuzaliwa huwa na urefu wa sentimita 38 hadi 50 hivi. Ni mkono wako kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Huyo uliyemshika sidhani kama ana miezi mitatu. Jike akikomaa hufika mita mbili, wengine wakakaribia tatu. Dume hubaki nyuma kidogo, mita moja na nusu hadi mbili na ushei. Mita mbili ni boda boda nzima, kutoka tairi la mbele hadi la nyuma. Jike wa mita mbili na nusu aliyeshiba anaweza kufika kilo 12, yaani magorogoro sita ya mahindi, ila mahindi ukiyabeba hayaamui katikati ya njia kwamba yanakwenda upande mwingine. Na ukikutana na mtu anayejisifu kuhusu boa wa mita tano na nusu, mwambie yule wa vitabu vya zamani ilikuja kubainika hakuwa boa, alikuwa nyoka wa aina nyingine aitwaye anakonda.

Kazini tulipata kuwa na boa mmoja. Mgeni aliyekuwa akihama nchi alituletea, jioni, ndani ya foronya yenye maua, akiogopa kuulizwa kibali. Tulikuwa watu watatu kumtoa. Tulimpima kwa kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu utepe wa chuma ulikuwa ukimshtua kila ukirudi ndani: mita mbili na sentimita sitini. Mwenyewe alisimama mlangoni akarudia maneno yale yale, "Miaka minne tu." Alikuwa akimpa panya kila baada ya siku nne, akidhani anampenda. Yule nyoka alikuwa na mafuta hata akijipinda ubavu unafanya mikunjo kama shingo ya mtoto aliyenona. Boa mdogo anatosheka na panya mmoja kila siku kumi au kumi na nne, asiyezidi unene wa mwili wake palipo panene. Mkubwa anaweza kukaa wiki tatu, nne, na zaidi. Ukimlisha haraka atakua haraka, na atakufa mapema.

Sasa upole. Hili ndilo ninalotaka ulisome ukiwa umekaa, si kwenye basi ukirudi kutoka zamu.

Nyoka hana upendo, na wala hana chuki. Ukimsogelea anajiuliza maswali matatu: hiki ni chakula? hiki ni hatari? au ni mti? Ukimtunza vizuri, taratibu, kwa miezi, anakuhesabu kuwa mti. Hapo ndipo atapanda begani na kutulia, ulimi ukitoka na kuingia, nawe utadhani amekuzoea kama mbwa. Amezoea tu kwamba huli na huliwi. Boa ni wazuri kwa jambo hilo, nakubali. Si wepesi wa hasira kama chatu wa huku, ambaye hata azaliwe mikononi mwako anaweza kukutazama miaka mitano kama askari wa gerezani. Lakini boa mtoto mara nyingi ni mwoga, anafoka na kuuma, halafu anatulia akikua. Kwa hiyo huyo wako aliyetulia kwenye kidole huenda alikuwa mpole, huenda alikuwa na baridi. Nyoka mwenye baridi hutulia sana.

Mimi niliumwa na yule jike wa foronya, na kosa lilikuwa langu. Asubuhi ile tulikuwa na wageni nyumbani, nikachinja kuku wawili, nikanawa kwa maji bila sabuni, nikakimbilia kazini. Nilifungua kizimba nibadilishe maji. Sikumwona akitoka. Nilichoona ni kwamba kichwa kiko kwenye kiwiko changu na mwili unafuata, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, bila haraka, kama mtu anayefunga mzigo kwenye keria. Vidole vyangu vikawa rangi ya zambarau zilizoiva. Mzee niliyefanya naye kazi hakupiga kelele wala hakumvuta. Alimshika mkiani akaanza kumfungua kutoka huko, pindo baada ya pindo, maana ukianzia kichwani unashindana na nyoka mzima. Kisha akadondosha spiriti kidogo pembeni mwa mdomo, akaniachia. Meno yao yamepinda kuelekea nyuma. Ukijivuta unajichana mwenyewe. Sumu hana. Niliosha kwa sabuni, safari hii kwa bidii, nikabaki na mistari ya vitobo vidogo kama cherehani imepita.

Wewe ni muuguzi, utalielewa hili kuliko mimi: zamani tulifundishwa kwamba boa humnyima panya pumzi. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba anachokikata ni mzunguko wa damu, shinikizo linaporomoka ndani ya sekunde chache. Sikuambii ili uogope, mtu mzima hauawi hivi hivi na boa. Nakuambia kwa sababu ule mkono wangu ulifunguliwa na mtu wa pili. Akishapita mita mbili usimshike wala usimlishe ukiwa peke yako nyumbani. Na wewe, mama, unaishi peke yako.

Kumsoma si kazi ngumu. Shingo ikijikunja kama herufi S, rudi nyuma. Akifoka, na boa hufoka kwa sauti ya tairi linalotoa upepo, mwache. Macho yakiwa na ukungu wa kibuluu anataka kujivua ngozi na haoni vizuri, mwache hadi amalize. Akishakula, siku mbili usimguse, vinginevyo atatapika. Ukifungua kizimba mguse kwanza kwa fimbo, taratibu, ajue si saa ya chakula. Na panya mpe aliyekufa, aliyegandishwa ukamyeyusha kwa maji ya moto, ukamshika kwa koleo refu. Panya hai anauma. Nimewahi kumwona nyoka aliyetafunwa mgongo hadi mfupa ukaonekana.

Kuhusu kuchagua, kama utachagua. Wengi wanaouzwa huko ni wa aina ya Amerika ya Kati hadi Kolombia, ambao wataalamu wengi siku hizi wanawaita Boa imperator. Wale wa Suriname, Guyana na bonde la Amazon ndio Boa constrictor wenyewe: wazito zaidi, mkia mwekundu zaidi, bei juu zaidi, na matumbo yao hayavumilii makosa. Wapo pia wa visiwani, kama wale wa Cayos Cochinos huko Honduras, wadogo kwa maumbile, lakini visiwa vyao vilichotwa sana na wafanyabiashara miaka ya 1980. Ukimtaka wa aina hiyo awe amezaliwa mikononi mwa anayekuuzia, si vinginevyo.

Ningekuwa mimi ningechukua dume, imperator, mwenye mwaka mmoja, si huyu mchanga. Wa mwaka mmoja tabia yake imeanza kujulikana na umeshahakikishiwa kwamba anakula. Usimlipie kabla hujamwona akila panya wa barafu mbele yako. Dume ana vikucha vikubwa zaidi kando ya tundu la haja, lakini usitegemee hicho, mwambie muuzaji ahakikishe, wewe usijaribu. Angalia macho, mdomo, pumzi: pakiwa na mapovu au mluzi, nenda zako. Pitisha karatasi nyeupe kwenye magamba uone kama vinadondoka vidoa vyeusi vinavyotembea, hao ni utitiri. Akiwa anainua kichwa na kukodolea dari bila sababu, funga mkoba uondoke, huenda ule ni ugonjwa usiotibika.

Lakini kuliko yote hayo, mwombe akuonyeshe wazazi wake. Mwambie afungue kizimba cha mama yake huyo mtoto, wewe ukiwepo, na utazame mkono wa muuzaji. Mkono hausemi uongo. Akiingiza kama anayechukua kikombe kabatini, sawa. Akisita, au akakwambia mama alikwishauzwa, unajua la kufanya. Urefu wa huyo mama ndio urefu unaoununua.

Nyumba yako sijaiona ila kwa video. Kizimba cha mkubwa ni sawa na kitanda cha tatu kwa sita, kiweke hicho chumbani mwako halafu unieleze utalala wapi. Upande mmoja uwe na joto la nyuzi 31 au 32, upande wa pili 26 au 27, na chombo cha kudhibiti joto kiwepo, si taa tu. Mawe ya umeme ya kupashia usinunue, yanaunguza tumbo. Huku Kisumu kazi yetu ilikuwa kutafuta kivuli, sikuwahi kuwaza joto. Huko Minneapolis mwezi wa Januari umeme ukikatika usiku mmoja, utampasha joto na nini? Na ule mtambo wa kupasha nyumba unakausha hewa, ngozi ikishindwa kutoka inamkaba ncha ya mkia. Soma pia mkataba wa nyumba na uulize sheria za mji, kabla, si baada.

Nyanya yako wa Nyakach amesikia habari, sijui nani alimwambia. Ameuliza tangu lini nyoka anauzwa. Unajua mwaka 2003 alipoonekana yule chatu wa Wasare, kijiji kiligawanyika: wengine wakihofia watoto na mbuzi, wengine wakisema ni Omieri, yule chatu mtakatifu wa Waluo, ameleta mvua, asiguswe. Walimpa jina, lakini hakuna aliyetaka kumweka sebuleni.

Kuna moja limebaki, na nimelizunguka barua nzima.

Mama yako alipoitazama ile video, aliilaza simu kifudifudi mezani akaiwekea kitabu juu. Nilidhani ni woga. Jioni tukichambua omena akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Hao huishi miaka mingapi?" Nikamjibu kama mtaalamu, mjinga mimi: ishirini, ishirini na tano, akitunzwa vizuri thelathini, wapo waliopita arobaini. Akanyamaza. Akaendelea kuchambua hadi omena zikaisha, kisha akaanza upya zile zilizokwisha kuchambuliwa.

Una miaka ishirini na tisa. Ulituambia ni mkataba wa miaka mitatu. Boa wamo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, kumvusha mpaka kunataka vibali vya huko na vya huku, na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hawatakupokea uwanja wa ndege kwa maua. Sisemi usirudi nyumbani kwa sababu ya nyoka, wala sisemi usifuge kwa sababu yetu. Nimehesabu tu, kama alivyohesabu yeye.

Basi nijibu mambo mawili. Ni dume au ni jike? Na nitumie picha ya mamake, amenyooshwa kando ya kitu ninachokijua, mlango au kitanda, si kwenye mkono wa mtu. La tatu si langu. Mpigie mama yako Jumapili, alasiri, akisharudi kutoka soko la Kibuye, na usimwambie kwamba nimekuandikia hili.

Baba yako
Kisumu