Barua kwa wanangu mnaozozania michoro ya bodi

Vijana wangu, na ninyi wazee wenzangu mnaojificha nyuma ya vijana,

Salamu zingekuwa ndefu, lakini zogo lenu limezidi. Wapo wanaosema kwamba anayebuni bodi ya saketi ya kufufua konsoli (mashine ya gemu) ya zamani kisha akaficha mchoro wake ni mchoyo. Wapo wanaojibu kwamba anayedai mchoro anataka kuvuna asipopanda. Ugomvi huu ulikuwepo kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Mwaka 1975 huko California kilianzishwa kikundi cha wapenda kompyuta, Homebrew Computer Club. Humo Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, aligawa bure michoro ya kompyuta iliyokuja kuitwa Apple I, na akawasaidia wenzake kuiunda. Tarehe 3 Februari 1976 Bill Gates wa Microsoft aliwaandikia wapenda kompyuta barua kali: mnanakili BASIC yetu, programu ya kuandikia programu nyingine, bila kulipa, na tukipiga hesabu, malipo tuliyopata hayafiki dola 2 kwa saa. Watu hupenda kumfanya mmoja malaika na mwingine shetani. Mimi huwakumbusha kwamba siku zile Wozniak alikuwa mwajiriwa wa Hewlett-Packard, na mshahara wake haukutegemea michoro ile. Ukarimu wake ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa na pa kuegemea.

Basi kabla ya kumwita mtu mchoyo, jiulize nani anamlipia bodi za majaribio. Njia moja ya shaba ikikosewa, mara nyingi bodi nzima ni ya kutupa, inaagizwa nyingine, na mfuko unaotoboka ni wake.

Nimewatetea wanaoficha. Sasa wanisikilize na wao.

Mashine zetu zinakufa. Fungueni Game Gear, konsoli ya mkononi ya Sega ya mwaka 1990, ambayo haijawahi kuguswa: mara nyingi kapasita, vile vipuri vidogo vya kuhifadhi umeme, zimevuja, maji yake yananuka kama samaki, na njia za shaba chini yake zimeota ukijani. Dreamcast, konsoli nyingine ya Sega ya 1998, nayo, kisomeo chake cha diski huchoka, na ndiyo maana watu wakabuni bodi za kusoma gemu kutoka kadi ya SD. Kazi nzuri mno. Lakini mbunifu akifunga chipu isisomeke, asitoe mchoro, kisha akachoka na kuacha kutengeneza, bodi ile ikiungua fundi atashika nini? Konsoli kadhaa za kiwandani angalau zilikuwa na kitabu cha fundi, chenye mchoro wa saketi na majina ya vipuri. Bodi iliyokuja kuiokoa haina hata karatasi. Tumeiponya mashine kwa dawa isiyoandikwa jina.

Mnachanganya vitu viwili ambavyo mngevitenganisha, nusu ya ugomvi ingeisha. Mchoro wa saketi humwonyesha fundi kipi kimeungana na kipi, naye akatengeneza. Faili za Gerber, zile ambazo kiwanda hutumia kuchapa bodi, pamoja na programu ya ndani ya chipu ndizo zinazomwezesha mtu kwenda kiwandani akachapa bodi zake na kuuza. Unaweza kutoa cha kwanza ukabaki na cha pili. Apple wenyewe, katika kitabu cha rejea cha Apple II cha mwaka 1978, waliweka mchoro kamili, na mashine ikaendelea kuuzwa kwa mamilioni. Kampuni ya Franklin ilipotengeneza kompyuta ya kuiiga, kesi ilihusu programu zilizonakiliwa, na mwaka 1983 mahakama ya rufaa ilikubaliana na Apple.

Mkitoa, toeni na leseni. Mchoro uliowekwa hadharani bila leseni haumpi mtu ruhusa, unamtia majaribuni tu. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, walitoa leseni yao ya vifaa wazi (ambavyo michoro yake iko wazi kwa wote) mwaka 2011, na toleo la 2 la mwaka 2020 lina ngazi tatu. Ile yenye herufi S inamtaka anayeuboresha mchoro na kuusambaza aweke na maboresho yake wazi kwa masharti yaleyale. Isomeni kabla ya kulia kwamba mmeibiwa.

Kuna watu ambao sina huruma nao: wanaochukua mchoro uliotolewa wazi, wakafuta jina la mbunifu kwenye bodi, wakabadilisha rangi na kuuza kama ubunifu wao. Hao ndio wanaowafundisha wakarimu kuficha. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Acheni jina mahali pake, na kama mnapata faida, mrushieni chochote.

Na wewe uliyeamua kuficha, haki hiyo unayo, sitakunyang'anya. Nakuomba mawili. Faili zako wakabidhi watu wawili unaowaamini, pamoja na ruhusa ya maandishi ya kuzitoa siku utakapoacha, kwa hiari au kwa kufa. Sote tutakufa, hata wabunifu. La pili, acha kusema "nitazitoa karibuni" mwaka baada ya mwaka. Ahadi hiyo inawazuia wengine wasianze kubuni ya kwao, maana hakuna anayetaka kupoteza usiku wake juu ya kitu kitakachotolewa bure kesho. Kama hutaki kutoa, sema hutaki, na wenzako waanze leo.

Mzee wenu